Popo wa Darini na Buibui Mla Mbu: Nani Umwachie Nafasi Nyumbani?

Ukikaa kando ya Ziwa Victoria, swali hili litakufikia tu. Juu ya dari kuna popo, ukutani kuna vibuibui vinavyorukaruka, na kila jirani ana ushauri wake. Mmoja atakuambia waache popo, wanamaliza mbu. Mwingine atakuambia fagia buibui wote, nyumba ipate kupendeza. Nimeishi na wote wawili chini ya paa moja, nimewatazama kwa miaka, na naona ushauri huo umegeuzwa juu chini. Anayesifiwa kwa kula mbu hawagusi sana, na anayefagiliwa nje ndiye anayewawinda kwa kuwachagua.

Sisemi popo ni kiumbe bure. Ana kazi kubwa shambani, nitaifikia. Lakini kama unaamua nani akae ndani, na sababu yako ni mbu, inafaa uwajue wote wawili vizuri kabla hujashika ufagio au kuita fundi wa kuziba paa.

Popo ninayemzungumzia si yule mkubwa wa kwenye miembe anayekula matunda. Ni yule mdogo wa kwenye mabati, kitaalamu Mops pumilus. Vitabu vya zamani kidogo vinamwita Chaerephon pumilus. Uzito wake ni kama gramu 10, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Utamtambua kwa mkia. Popo wengine wengi mkia wao umefungwa ndani ya ngozi iliyo kati ya miguu, lakini wake unachomoza nje kama wa panya. Anapatikana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na anapenda nyufa nyembamba: kati ya bati na ukuta, chini ya kofia ya paa, nyuma ya ubao wa dari. Anavumilia hata joto la mabati linalopita nyuzi 40 mchana.

Buibui wangu ni Evarcha culicivora. Jina hilo alipewa mwaka 2003 na Wanda Wesołowska na Robert Jackson, na culicivora maana yake ni mla mbu. Ana urefu wa milimita 5 hivi, rangi ya kahawia yenye madoa, na dume ana uso mwekundu. Makazi yake ni eneo la Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, kwenye vigogo vya miti, kwenye majani ya chini na kwenye kuta za nyumba. Mengi tunayoyajua juu yake yalichunguzwa Mbita, mji wa Kenya kando ya ziwa, katika kituo cha icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, kilichopewa jina la Thomas Odhiambo, ambako Jackson, Ximena Nelson, Fiona Cross na wenzao wamefanya kazi miaka mingi. Ni mtu wa kwetu, kwa maana hiyo, na bado wengi wetu tunampita ukutani bila kumjua.

Sifa ya popo ilivyotokea

Umewahi kusikia kwamba popo mmoja hula mbu mia sita au elfu moja kwa saa? Hesabu hiyo ina historia. Mwaka 1960 Donald Griffin na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya Marekani. Popo wa jamii nyingine kabisa waliachiliwa ndani ya chumba kilichojaa wadudu wadogo, mbu wakiwamo, kisha wakapimwa uzito kabla na baada ya kuwinda. Kutokana na uzito ulioongezeka ikakadiriwa kwamba popo aliweza kukamata mbu kama 10 kwa dakika. Watu wakazidisha kwa 60, wakasahau kwamba chumba kile kilikuwa na mbu tele na popo hakuwa na kingine cha kula, hesabu ikazunguka dunia nzima.

Nje hali ni tofauti. Popo wetu ana mabawa marefu membamba, ya kuruka kasi mahali pa wazi, juu ya miti na juu ya mapaa. Hawezi kujipinda ndani ya chumba kufuata mbu mmoja pembeni ya kitanda. Na sauti anayotumia kutafuta windo ni ya chini kwa popo, karibu mitetemo 25,000 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa milimita 13 au 14. Wimbi refu hivyo linasafiri mbali, jambo linalomfaa anayeruka kasi, lakini kidudu kidogo kuliko wimbi lenyewe hurudisha mwangwi hafifu sana. Mbu ana mwili wa milimita chache tu. Mbawakavu, nondo na kunguni wa mimea ndio wanaosikika vizuri kwa masikio yale, na ndio wanaomshibisha. Mbu akikutana naye angani ataliwa, sawa, lakini popo hamtafuti.

Halafu kuna suala la saa na mahali. Popo hutoka jua linapozama. Simama chini ya paa jioni usikilize: kwanza mikwaruzo, kisha vijisauti vikali vya kugombana, kisha wanaanza kudondoka mmoja mmoja kutoka kwenye ufa, kwa sababu hawa huhitaji kuanguka kwanza ndipo mabawa yashike upepo. Dakika chache baadaye wako juu sana. Mbu wa Anopheles anayeleta malaria, hasa gambiae na funestus, shughuli yake kubwa ni ndani ya nyumba, usiku umekwenda na watu wamelala. Huyu yuko juu ya miti, yule yuko juu ya shuka lako. Watakutana wapi?

Kuna waliojaribu kwa dhati kabisa. Charles Campbell, daktari wa San Antonio, Texas, aliamini popo wanaweza kuondoa malaria, akabuni minara ya mbao ya kuwakaribisha. Mmoja uliojengwa mwaka 1918 upo hadi leo katika mji wa Comfort. Popo wa kule ni ndugu wa familia moja na wetu wa mabati, mkia nje vilevile, na walipochunguzwa baadaye chakula chao kilionekana kuwa nondo zaidi. Mwaka 1929 Richter Perky akajenga mnara kama huo katika kisiwa cha Sugarloaf Key, Florida, kwa kuwa mbu walikuwa wanamharibia biashara. Popo hawakukaa humo. Mnara ulisimama mtupu hadi kimbunga Irma kilipouangusha mwaka 2017. Simulizi hiyo hunisikitisha, maana nia ilikuwa njema na fedha zilitumika.

Kazi halisi ya popo huyu iko shambani. Katika mashamba ya miwa ya Eswatini na ya makadamia kaskazini mwa Afrika Kusini, watafiti wamewachunguza yeye na jamaa zake na kukuta wanakula wadudu waharibifu, wakiwamo kunguni wanaonuka wanaotoboa kokwa za makadamia. Na nondo ndio wanaotaga mayai yanayotoa viwavi. Mwenye mahindi, mpunga au matunda asimwone popo kuwa adui. Ila faida hiyo unaipata popo akiwa hai popote karibu na shamba. Halazimiki kulala juu ya kitanda cha mtoto wako.

Buibui anavyowinda

Huyu hana utando wa kutegea. Ana macho. Manane, na mawili makubwa ya mbele yanaona kwa undani ambao ni vigumu kuamini kwa mwili mdogo namna ile. Ukimsogezea kidole atageuka akutazame. Ndiyo, atakutazama, buibui warukaji hugeuza mwili mzima ili macho yale mawili yaelekee kitu.

Asubuhi moja nilikuwa nanawa uso, nikaona mbu ametulia ukutani karibu na dirisha. Tumbo lilikuwa limejaa damu, jekundu linalong'aa kama punje ya komamanga. Alikuwa amekaa kichwa chini mkia juu, mkao wa Anopheles. Mbu wengine wa nyumbani hukaa mwili ukiwa sambamba na ukuta. Kipande cha mkono hivi kutoka pale alikuwapo buibui. Aligeuka mara moja, akasimama. Kisha akaanza kwenda, polepole kiasi kwamba ilinibidi niweke alama kwa ufa wa lipu ili nijue kama kweli anasogea. Hakumwendea moja kwa moja. Alizunguka, akapotea nyuma ya fremu ya dirisha, akatokea upande wa nyuma wa mbu. Maji yalikauka usoni. Alipobakiza urefu kama wa kidole kimoja alitulia tena, nikafikiri ameghairi, kisha akaruka. Sikuuona mruko wenyewe. Niliona tu kwamba sasa ni wawili mahali pamoja, na uzi mwembamba aliouachia nyuma unameta kwenye mwanga.

Nilichokiona siku ile kinaeleweka vizuri ukisoma yaliyofanyika Mbita. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba buibui huyu akipewa nafasi ya kuchagua, huchagua mbu jike aliyekunywa damu kuliko mbu asiye na damu, na kuliko wale wadudu wasiouma wanaopaa juu ya ziwa kama moshi. Fikiria ugumu wa kazi hiyo. Kando ya ziwa wadudu wale ni wengi kupita kiasi na kwa macho yetu wanafanana na mbu, lakini yeye anawapita anatafuta mmoja mwenye tumbo jekundu. Hutumia macho, na hutumia harufu pia. Mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu wala ya ng'ombe kunywa damu. Damu anaipata kwa kumla aliyeinywa.

Na kuna zaidi. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba mlo wa damu humpa harufu inayomvutia mwenzake wa jinsia nyingine, dume kwa jike na jike kwa dume. Mwaka 2011 Cross na Jackson wakachapisha jaribio la soksi: buibui walikaa muda mrefu zaidi mahali penye harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu kuliko penye soksi safi. Tunachoacha sisi kwenye nguo ndicho kinachomwambia kwamba mbu walioshiba hawako mbali. Vitoto vyake navyo vinashangaza. Kibuibui cha milimita moja au mbili, mdogo kuliko windo lake, humtambua Anopheles kwa ule mkao wa mkia juu, humzunguka, hupita chini ya tumbo lililoinuka na kumshika kutoka chini. Mbu akiruka, naye hupanda naye hewani akiwa amening'inia, mpaka sumu imshinde mbu waanguke wote.

Hapa mtu huniuliza: mbu akishakunywa damu si ameshaniuma tayari? Kuna faida gani? Faida iko kwenye siku. Vimelea vya malaria vikiingia kwa mbu kutoka kwa mgonjwa havipiti kwa mwingine siku hiyohiyo. Vinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu na kufika kwenye mate yake. Katikati ya siku hizo mbu anakunywa, anatua ukutani kusaga damu siku mbili tatu, anakwenda kutaga, anarudi kunywa tena. Kila mara anapotua ukutani na tumbo zito ndipo alipo mnyonge. Ndiyo maana serikali hupulizia dawa kutani: inamngoja mbu mahali anapopumzika. Buibui huyu anamngoja palepale. Kwangu mimi hilo ndilo linalokata shauri kati yake na popo. Mmoja yuko mahali ambapo malaria inaweza kukatwa, mwingine yuko juu ya miti anakula mbawakavu.

Naomba nieleweke hapa. Hakuna buibui wa kuondoa chandarua kitandani. Ukuta mmoja unaweza kuwa na buibui wachache na mbu wengi, na mtoto wako halindwi na matumaini. Chandarua chenye dawa, madimbwi yaliyofukiwa na kupimwa mapema ukiona homa, hayo yabaki palepale. Buibui ni nyongeza isiyogharimu kitu.

Upande wa hatari

Kwa buibui sina mengi. Ni mdogo, hatafuti mtu, hachafui ukuta kwa utando.

Kwa popo kuna mambo ya kuyachukulia kwa uzito, bila kutiana hofu. La kwanza ni kinyesi. Kinajikusanya juu ya dari miaka na miaka, dari linapata madoa, na harufu ya mkojo haitoki hata upake rangi mara tatu. Ndani ya kinyesi kikavu huweza kuota kuvu wa Histoplasma, na vumbi lake likivutwa linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukipanda darini kusafisha, lowesha kwanza kwa maji, ziba pua na mdomo kwa barakoa nzuri, usifagie kikavu.

La pili ni kuumwa au kukwaruzwa. Mwaka 2007 mtalii aliyekuwa akisafiri Kenya alikwaruzwa puani na popo mdogo akiwa kambini eneo la Tsavo Magharibi. Aliporudi kwao Uholanzi aliugua na kufariki, na kilichomuua ni virusi vya Duvenhage, jamaa wa virusi vya kichaa cha mbwa. Matukio ya namna hiyo ni nadra sana, lakini yanatosha kuweka sheria moja nyumbani: popo akianguka chini hashikwi kwa mkono mtupu, na mtoto anaambiwa hivyo mapema. Ukikwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uombe chanjo.

La tatu limezua maneno mengi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza virusi vipya vya jamii ya Ebola, vikaitwa Bombali, walivyovikuta Sierra Leone katika popo huyuhuyu na ndugu yake Mops condylurus; baadaye vikaonekana kwa huyo ndugu katika eneo la Taita, Kenya. Havijathibitishwa kumfanya mtu yeyote augue. Hiyo ni sababu ya kutolala nao chumba kimoja. Haiwi sababu ya kuwaua, na kuwachoma moto au kuwamwagia dawa kunawafanya watapakae nyumba nzima wakiwa wagonjwa na wenye hofu, yaani kinyume kabisa cha usalama uliokuwa unautafuta.

Chaguo langu

Buibui abaki ndani, bila masharti. Popo abaki hai, lakini nje.

Kumtoa kunataka subira. Popo huyu huzaa mtoto mmoja kwa uzazi, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo huwezi kukisia tu kwamba sasa hakuna watoto. Kabla ya kuziba chochote, panda na tochi uangalie. Ukiona vitoto visivyo na manyoya, au visivyoruka bado, subiri wiki kadhaa. Ukiziba wakati huo mama anabaki nje, watoto wanafia ndani, na utaijua harufu yake.

Wakishaweza kuruka wote, tafuta njia zao. Kaa nje jioni mbili tatu utazame wanatokea wapi. Alama za mafuta na vinyesi chini ya ufa zitakuonyesha. Ziba nyufa nyingine zote kwanza. Kwenye ufa wanaotumia, ning'iniza kipande cha wavu laini, kimepigiliwa juu na pembeni, chini kimeachwa wazi kikishuka kama nusu mita chini ya ufa. Popo akitoka anateleza chini ya wavu na kwenda zake. Akirudi anatua pale palipokuwa mlango na hapati pa kuingilia. Acha wavu siku saba hivi, kisha ziba kabisa. Mwenye shamba anaweza kumpigilia kisanduku chembamba cha mbao juu ya mti au nguzo mbali na nyumba. Hakuna uhakika atahamia, kama yule bwana wa Florida alivyoonyeshwa, lakini kisanduku hakidai chakula.

Kwa buibui kazi ni ndogo zaidi. Utando wa pembeni mwa dari fagia tu, si wake. Ukitoa vumbi ukutani angalia kwanza: mwenye kutembea kwa mishtuko, akisimama na kugeuka kukutazama, mpitishe ufagio pembeni. Usikwangue majani yote kuzunguka nyumba hadi udongo mtupu, maana huko kwenye majani mafupi ndiko anakojificha na kufuma kiota chake cha hariri. Na ukiishi mbali na ziwa, usijisumbue kutafuta wa kuletewa kwenye chupa. Kwako huenda wapo warukaji wengine, nao hula vidudu wanaowaweza, ila huyu mwenye kuchagua tumbo jekundu yuko huku kwetu.